Barua kwa Zawadi: makato ya ovadrafti na Mahakama ya Madai Madogo

Mwanangu Zawadi,

Ujumbe wako nimeusoma nikaurudia. Unasema mshahara ulichelewa, stendi oda ya sako, ile amri ya kulipa kila mwezi, ikapita kwenye akaunti isiyo na kitu, benki ikailipa na kukuacha chini ya sufuri. Tangu hapo wanakukata ada ya ovadrafti, yaani ya kutumia pesa kupita zilizomo, ambayo hukuiomba, na jumla imefika shilingi 11,400. Umesikia kwamba Waingereza walirudishiwa pesa za namna hiyo kwa kwenda mahakama ndogo, na unauliza kama wewe nawe unaweza, hapa Nairobi, bila wakili.

Unaweza, na mimi nataka uende. Makato haya hudumu kwa sababu watu hunung'unika kwenye foleni kisha wakajirudia nyumbani.

Ila hoja ya Waingereza iache hukohuko. Ni kweli kwamba mnamo 2006 na 2007 wateja wengi kule walidai, na benki nyingi zikawalipa kabla kesi hazijasikizwa. Walishikilia kwamba ada zilikuwa kubwa kupita kiasi. Novemba 2009 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikaamua kwamba ada hizo ni sehemu ya bei ya huduma, na ukubwa wake hauwezi kupimwa kwa kanuni zilizokuwa zikitegemewa. Madai mengi yakafia hapo. Nafuu ilikuja baadaye kwa njia ya kanuni: tangu Aprili 2020 benki za kule haziruhusiwi kutoza ada ya kiasi maalumu kwa ovadrafti, ila riba tu. Kwa hiyo ukisimama katika Mahakama ya Madai Madogo ya Milimani ukalalamika kwamba wamekukata nyingi mno, wakili wa benki atafungua mkataba akujibu kuwa hiyo ndiyo bei. Wewe uliza jingine: mlikata kwa idhini ya nani?

Hapo ndipo penye nguvu yako. Omba kwa barua nakala ya fomu uliyotia sahihi ulipofungua akaunti, na orodha ya ada iliyokuwa ikitumika siku walipoanza kukukata. Soma kipengele cha ovadrafti neno kwa neno. Huenda kipo, maana fomu zile ni ndefu na sote husaini tukiwa na haraka. Kama kipo, tazama kinaruhusu kiasi gani. Kisha linganisha na stetimenti. Kama ada iliyokatwa inazidi iliyoandikwa, au ilipandishwa katikati bila wewe kuarifiwa, hapo pana dai. Tena Sheria ya Benki, kifungu cha 44, inakataza benki kupandisha viwango vya ada bila idhini ya Waziri wa Fedha, na mwaka 2024 Mahakama ya Juu yetu ilisema kifungu hicho kinagusa hata riba. Waulize idhini yao iko wapi. Katiba nayo, ibara ya 46, inakupa haki ya kupata habari unazohitaji kuhusu huduma unayolipia. Na usisahau ushuru: kwenye stetimenti kila ada hufuatwa na mstari wa ushuru wa bidhaa. Ada ikiwa haramu, ushuru wake nao urudi.

Malalamiko yako yaanze kwa meneja wa tawi, kwa maandishi, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Wakikaa kimya, andikia Benki Kuu. Baada ya hapo peleka barua ya madai inayotaja kiasi, sababu na siku ya mwisho ya kulipa. Mazungumzo ya simu na wahudumu hayatakusaidia kitu.

Mahakama yenyewe isikutishe. Sheria yake ni ya 2016, milango ilifunguliwa Milimani Aprili 2021, na husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Kesi hufunguliwa kwa mtandao wa Idara ya Mahakama. Unaruhusiwa kujisimamia na kuzungumza Kiswahili, na masharti makali ya ushahidi hayatumiki humo. Sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Asiyeridhika hukata rufaa Mahakama Kuu, lakini kwa hoja za kisheria pekee.

Sasa jambo linalonitia wasiwasi, nawe lisikie vizuri. Ile pesa ya sako benki iliilipa kweli, na wewe ulifaidika nayo. Hiyo ni deni. Ukienda kudai ada huku deni lenyewe halijalipwa, watakugeuzia dai lao katika kesi hiyohiyo, kwani sheria inawaruhusu, na ukishindwa unaweza kuamriwa ulipe gharama. Wanaweza pia kukupeleka CRB, wale wanaotunza rekodi za wadaiwa. Lipa deni hilo kwanza, na uandike waziwazi kwamba unalipa kiasi kilicholipwa sako tu, na kwamba ada unazipinga. Kama huna zote kwa sasa, niambie, nitakuongezea.

Muda bado unao, maana madai ya mkataba yana miaka sita. Lakini usilaze damu. Barua ya kuomba fomu na orodha ya ada iandike leo, unitumie niipitie kabla hujaipeleka tawini. Stetimenti ya miezi yote njoo nayo Buruburu Jumamosi, tuchambue mstari kwa mstari.

Mama yako