Gari la Spoti kwa Matumizi ya Kila Siku: Maswali Kutoka Nakuru na Kisumu

SWALI: Mhariri, pole kwa kazi. Ninaishi Lanet, Nakuru, na kila siku ya kazi huenda Njoro na kurudi. Kila mwisho wa mwezi mimi, mke wangu na mtoto wetu wa miaka minne huenda nyumbani Vihiga kupitia Kericho na Kisumu, na kipande cha mwisho kabla ya kufika bomani ni cha changarawe. Tangu ujana nimetamani gari la spoti. Nimeonyeshwa mawili yaliyotumika, yote ya gia za mkono: Mazda RX-8 ya mwaka 2007 kwa shilingi 650,000 na Toyota 86 ya mwaka 2013 kwa shilingi 1,900,000. Sitakuwa na gari jingine. Nichukue lipi? (Msomaji, Lanet)

JIBU: Ndugu yangu, kwa kuwa hilo ndilo litakalokuwa gari la pekee nyumbani kwako, iache RX-8 hata mwenyewe akikupunguzia bei. Nasema hivyo nikiipenda sana, maana inageuka kwa wepesi wa ajabu, na ile milango yake midogo ya nyuma inayofunguka kinyume ingemfaa mtoto wako kuliko milango miwili ya Toyota. Tatizo ni injini. Haina pistoni bali rota mbili za pembe tatu, na kwenye kila ncha ya rota kuna kipande chembamba cha chuma kinachozuia mgandamizo, yaani hewa na petroli iliyobanwa ndani ya injini, usivuje. Vipande hivyo vikichakaa, gari hupoteza nguvu, kisha huanza kukataa kuwaka likiwa moto, na hakuna njia ya kuvibadilisha ila kuifungua injini yote. Imeundwa kuchoma oili kidogo kwa makusudi ili vipande hivyo vilainike, kwa hiyo mwenye gari asiyechungulia kijiti cha oili mara kwa mara huimaliza injini polepole bila kujua. Tena haipendi kuwashwa asubuhi, kusogezwa hatua chache langoni, kisha kuzimwa kabla haijapata joto, kwa sababu petroli hulowesha plagi na gari hugoma kuwaka.

Shaka yangu kubwa ni fundi. Kipimo cha mgandamizo kilichoko katika gereji nyingi hakitoshi kwa injini hii, kwa kuwa kila rota ina nyuso tatu na kila uso unahitaji kusomwa peke yake. Iwapo bado moyo wako uko kwa RX-8, iendeshe mpaka injini ipate joto kamili, izime, subiri kama dakika kumi, kisha uiwashe tena. Ikizungusha stata kwa muda mrefu kabla ya kushika, mshukuru mwenyewe na uende zako.

Toyota 86 ina injini ya kawaida zaidi, ya silinda nne zilizolala ubavuni, yenye ujazo wa lita 2.0, iliyotengenezwa kwa ushirikiano na Subaru. Kwa hiyo fundi aliyezoea Subaru hataishangaa. Hata hivyo, mwaka wa gari ulioonyeshwa unanitia wasiwasi mmoja ambao ni lazima uondolewe kabla hujatoa hata shilingi. Mwaka 2018 ilitangazwa kwamba magari ya aina hii yaliyoundwa kati ya 2012 na 2013 yarudishwe yabadilishwe springi za valvu, kwa kuwa zingeweza kuvunjika na kuizima injini barabarani. Gari lililoondoka Japani kabla ya hapo huenda halikuguswa kabisa. Chukua namba ya chasisi, inayoanza na ZN6, uitafute katika ukurasa wa Toyota wa Japani unaoonyesha magari yaliyoitwa kurekebishwa. Ikiwa kazi ilifanyika, uliza aliyeifanya ni nani, kwa maana ni kazi ya kufungua injini, na kuna injini zilizoharibika baadaye kwa sababu fundi alipaka gundi ya kuzibia kupita kiasi, ikamenyeka na kuziba njia ya oili.

Usikate tamaa ukiona mlio kama wa nyenje ukitoka kwenye injini inaponguruma taratibu. Hiyo ni pampu ya petroli, nayo huimba hivyo tangu ikiwa mpya. Usishangae pia ukiona gari halina nguvu uliyoisoma kwenye matangazo. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni pungufu kwa karibu sehemu moja ya sita, na injini isiyo na turbo (kifaa cha kuisukumia injini hewa ya ziada) hupoteza nguvu kwa kiasi kama hicho, na zaidi ukipanda kuelekea Mau Summit.

Sasa njia yenyewe. Tumbo la 86 liko karibu sentimita 13 tu kutoka ardhini, nalo lisiposhushwa zaidi hupita matuta mengi ya lami ukienda polepole, ila yale yaliyojengwa na wanakijiji kwa udongo na mawe ni habari nyingine. Kabla ya kununua, mwombe mwenyewe muende nalo mpaka Njoro, na ikiwezekana ulipitishe kwenye changarawe mkiwa watu watatu ndani, kwa sababu uzito huongeza kushuka. Rimu nyingi za gari hili ni za inchi 17 na tairi 215/45, ambazo kuta zake fupi hupasuka upesi kwenye mashimo. Mimi ningezibadilisha kwa rimu za inchi 16 na tairi 205/55, saizi ambayo toleo la bei nafuu la gari hilohilo lilitoka nayo kiwandani na ambayo hupatikana kwa urahisi Nakuru na Kisumu. Hakikisha tu rimu hazigusi breki.

Kuhusu mtoto, kaeni nyote watatu ndani kwa nusu saa kabla ya kuamua. Kiti chake kitaingia nyuma ya mama, lakini mama atalazimika kusogea mbele, na mpaka Vihiga ni mbali. Mke wako akisema hapana, mimi niko upande wake.

Mwisho, tafuta rekodi ya gari kwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, uone jina la mmiliki na kama kuna mkopo unaolishikilia, na pesa zitoke pale tu mwenyewe atakapoanzisha uhamisho wa umiliki kwenye akaunti yake. Umri wa gari nao una uzito: kampuni nyingi za bima husita kutoa bima kamili kwa magari yaliyopita miaka 15.

SWALI: Mimi ni muuguzi Kisumu na hufanya zamu za usiku. Nimepata Toyota 86 iliyoshushwa springi na kubadilishwa eksozi. Muuzaji anasema hiyo ni thamani ya ziada. Je, ni kweli? Au niagize yangu Japani? (Msomaji, Kisumu)

JIBU: Dada yangu, kwa mtu anayetoka kazini usiku kwenye mvua, kushushwa huko ni hasara. Mdomo wa kuvutia hewa ukiwa chini, maji yaliyosimama barabarani yanaweza kuingia ndani ya injini na kuipinda fimbo ya pistoni kwa mara moja. Muulize muuzaji ziko wapi springi na shoki za awali. Akiwa nazo, zirudishwe kwa gharama yake kabla ya kulijaribu gari. Asipokuwa nazo, gharama ya seti nzima itoke kwenye bei. Kagua pia tairi za nyuma: zikiwa zimelika kuliko za mbele kupita kiasi, gari limekuwa likitelezeshwa kwa mchezo, na klachi yake itakuwa imechoka.

Kuagiza kunawezekana, lakini Kenya hairuhusu gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8, hivyo 86 za miaka ya mwanzo hazipiti tena bandarini. Utakazopata ni za miaka ya mwisho, au GR86 ya lita 2.4 iliyozifuata, na kodi yake ni kubwa. Mwombe wakala akupe hesabu yote hadi gari lifike Kisumu, kisha uilinganishe na bei ya hilo ulilopata likiwa na springi zake za kiwandani.