Hilux dabo kebini kwa shamba na duka: je, ninaihitaji kweli?

SWALI: Mhandisi, habari za kazi. Nina ekari 6 za viazi na parachichi katika kijiji kilichoko kilomita 18 kutoka Makambako, na mjini nina duka la vifaa vya ujenzi. Kwa sasa natumia Toyota Probox, na mizigo mikubwa huwa nakodi Canter. Nimepata mtu wa kuinunua Probox, na nimeonyeshwa Hilux dabo kebini ya dizeli, iliyotumika, ambayo naweza kuipata nikikopa kiasi. Wenzangu wanasema mwenye shamba na duka hawezi kukosa pikapu. Mke wangu, ambaye ndiye anayeshika hesabu za duka, ameniuliza gari hilo litabeba nini ambacho hatubebi sasa, nami nikakosa jibu. Je, kazi yangu inaihitaji pikapu, au naitamani tu? — Msomaji, Makambako.

JIBU: Ndugu msomaji, swali la mama ndilo hasa linalopaswa kujibiwa kabla hujasaini karatasi yoyote ya mkopo, na linajibika kwa kilo na mita.

Tuanze na kilo. Hilux inasifika kuwa gari la tani moja, na sifa hiyo si ya uongo, lakini wengi huielewa visivyo. Mtengenezaji hupanga uzito wa juu ambao gari halipaswi kuuzidi likiwa barabarani, na ukitoa humo uzito wa gari tupu, kinachobaki ndicho unachoruhusiwa kupakia. Katika kinachobaki hicho wamo dereva, abiria, mafuta ya akiba, ngao ya chuma uliyofunga mbele, kifuniko cha bodi, na hata tairi la akiba la pili. Chukua mfano wa dabo kebini yenye uzito wa juu wa kilo 2,900 na uzito mtupu wa kilo 2,000. Zinabaki kilo 900. Wakae watu 5 wa kilo 75 kila mmoja, hizo ni kilo 375. Ngao na kifuniko vichukue kilo 100. Utajikuta na kilo 425 za mzigo wenyewe, yaani mifuko 8 ya saruji ya kilo 50. Probox yako, katika muundo wake wa van kama ilivyotengenezwa kwa soko la Japani, imepangiwa kilo 400 ikiwa na watu 2, na hiyo nayo ni mifuko 8. Kwa haki ya Hilux niseme kwamba ukiwa wewe na kijana mmoja wa kupakua, bila familia, mfano huohuo unakupa kilo 650, yaani mifuko 13. Hiyo ni tofauti ya kweli, lakini ni mifuko 5, si tani moja. Namba za gari unaloonyeshwa zisome kwenye kibao chake na kwenye kadi ya gari, kwa sababu hutofautiana kati ya toleo na toleo.

Sasa mita, ambazo kwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi ni muhimu kuliko kilo. Bodi ya dabo kebini ina urefu wa takriban mita 1.5. Bati la mita 3 likilala humo, nusu yake inaning'inia nje, nawe utalazimika kufungua mlango wa nyuma na kufunga kamba na kitambaa chekundu. Mbao za futi 12 zinazidi zaidi ya hapo. Nondo za mita 12, hata zikikunjwa katikati, bado zina mita 6, na hakuna pikapu ya aina yoyote inayozibeba kwa usalama. Kwa upande mwingine, Suzuki Carry, ile tunayoiita Kirikuu, gari lenye injini ya sentimita za ujazo 660 na lisilofika mita 3.5 kutoka bampa hadi bampa, ina bodi ya karibu mita 1.9, ndefu kuliko ya dabo kebini yenye ukubwa wa kutisha. Singo kebini ya Hilux, yenye safu moja tu ya viti, ina karibu mita 2.3. Nafasi ya kazi ndiyo iliyotolewa ili kuweka kiti cha nyuma, na mnunuzi anayetaka gari la mizigo anapaswa kujua kwamba hicho ndicho anacholipia.

Kuna jambo la tatu, ambalo huonekana gereji kuliko linavyoonekana sokoni, nalo ni mahali mzigo unapokaa. Katika singo kebini sehemu kubwa ya bodi iko mbele ya ekseli ya nyuma, yaani mhimili wa magurudumu ya nyuma, au juu yake, hivyo uzito unagawanywa kwa magurudumu yote. Katika dabo kebini bodi imesukumwa nyuma, na mzigo mzito ukiwekwa karibu na mlango wa nyuma unakuwa nje kabisa ya magurudumu. Weka kilo 300 umbali wa mita 1.2 nyuma ya ekseli, katika gari ambalo ekseli zake zimeachana kwa takriban mita 3.1: ekseli ya nyuma itabeba takriban kilo 415, na ya mbele itapunguziwa takriban kilo 115. Usukani unakuwa mwepesi, breki za mbele ambazo ndizo zinazofanya kazi kubwa zinapoteza mshiko, na taa zinamulika juu machoni mwa wenzako. Katika mashimo uzito huohuo unaruka na kutua, na kila mtuo unaipinda chesisi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari zima, kwenye eneo lilelile, nyuma kidogo ya kebini.

Hapo ndipo mafundi wengi humshauri mwenye gari aongeze springi, na mimi nalipinga jambo hili kila ninapolisikia. Springi za nyuma za pikapu ni vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, na ukiongeza kimoja au viwili gari halilali tena chini, kwa hiyo mwenyewe anaamini kwamba uwezo wake umeongezeka. Hakuna kilichoongezeka isipokuwa ugumu. Breki ni zilezile, beringi ni zilezile, na tairi zina kikomo kilichoandikwa ubavuni: namba 104 maana yake ni kilo 900 kwa tairi moja, na 112 ni kilo 1,120, likiwa na upepo unaotakiwa. Ulichokiondoa ni ile ishara ya gari kulala ambayo ingekuonya kwamba umezidisha. Mzigo wa ziada sasa unakwenda moja kwa moja kwenye chesisi, na kitakachokatika kwanza hakitakuwa springi.

Turudi kwenye kazi zako, ambazo kwa nilivyokuelewa ni za aina tatu zisizofanana.

Mavuno ya viazi ni kazi ya siku chache kwa mwaka lakini yenye uzito mkubwa. Tuseme umevuna gunia 60 tu, kila moja kilo 100 bila lumbesa. Hizo ni tani 6. Kwa Hilux ya kilo 650 utakwenda safari 10, na kwa kuwa kwenda na kurudi ni kilomita 36, jumla ni kilomita 360 za barabara ya vumbi ili kuhamisha mazao yaliyoko kilomita 18 tu kutoka mjini. Canter ya tani 3 itayamaliza kwa safari 2, na Fuso kwa safari moja. Hata gari likiwa lako, mafuta ni yako, tairi ni zako, na siku mbili za dereva ni zako pia. Kwa mavuno, kukodi kunabaki kuwa uamuzi bora, uwe na pikapu au usiwe nayo. Parachichi nazo zina tabia nyingine: zinachubuka. Springi ngumu za pikapu iliyopakiwa nusu hurusha makreti kwenye makunyanzi ya barabara, ilhali gari laini kama Probox, likiwa halijazidishiwa, huyafikisha salama zaidi. Kama mnunuzi wako huzifuata shambani, kipengele hiki kiondoe kabisa katika hesabu.

Kazi ya pili ni kuwapelekea wateja vifaa ndani ya mji, na nadhani ndiyo inayokusumbua kila siku bila kuitaja. Mteja ananunua mifuko 6 ya saruji, misumari na bati chache, na nyumba yake iko kilomita 3 kutoka dukani. Kwa safari za namna hii Kirikuu haina mpinzani. Imepangiwa kilo 350, yaani mifuko 7. Bodi yake iko chini kiasi kwamba kijana mmoja anapakia bila kuinua mfuko juu ya kifua. Kuta za pembeni zinafunguka pande tatu. Na inapita uchochoro ambao Hilux ingeugeuzia mgongo. Sharti ni moja, nalo nalisema kwa uzito wote: kilo 350 ni kilo 350. Tumezoea kuona Kirikuu zikipanda milima zikiwa na mifuko 15 na zaidi, na kuziona zikipanda hakuthibitishi kwamba zinaweza kushuka, kwa sababu breki za gari lenye uzito wa takriban kilo 700 likiwa tupu hazikuundwa kusimamisha mara mbili ya hapo kwenye mteremko. Ikiwa saruji yako hupita masafa marefu zaidi wakati wa mvua, fikiria Hiace ya mizigo: sakafu ya karibu mita 3 katika ile ndefu, uwezo wa takriban tani moja, paa lisilovuja na mlango wa kufunga kwa ufunguo. Uingereza na Ujerumani mafundi bomba, seremala na mafundi umeme wengi hufanyia kazi magari yaliyofungwa ya aina hii, kwa sababu zana ni mali na mvua ni nyingi, kama ilivyo huko kwenu Njombe.

Kazi ya tatu ni wewe mwenyewe kufika shambani, na hapa ndipo Hilux ina hoja. Kuanzia Novemba hadi mwanzoni mwa Mei barabara za udongo mwekundu katika nyanda zenu huteleza, na Probox iliyo chini na inayovutwa na magurudumu ya mbele inaweza kukuacha kwenye kilima. Lakini jiulize ni nini hasa kinachokukwamisha. Kama ni tumbo la gari kugusa tuta la katikati ya barabara, unahitaji gari lililoinuka. Kama ni utelezi, unahitaji kwanza tairi zenye meno ya kina, kisha ndipo gari linalovuta kwa magurudumu yote manne. Pikapu isiyovuta kwa manne, ikiwa haina mzigo, ni miongoni mwa magari mabaya zaidi kwenye utelezi, kwa kuwa magurudumu yanayoisukuma ni ya nyuma na nyuma hakuna uzito. Wengi hubeba mawe au mifuko ya mchanga kwa sababu hiyo. Na kama barabara hukufunga siku chache tu kwa msimu, bodaboda ya siku hizo ni nafuu kuliko riba ya mkopo.

Sisemi kwamba pikapu ni pambo. Wapo ambao bila dabo kebini kazi yao haiendi: kikosi cha mafundi wa umeme vijijini wanaosafiri wanne pamoja na nyaya, ngazi na vyuma; wachimba visima; daktari wa mifugo mwenye mtungi wa baridi na zana zilizochafuka asizoweza kuzilaza nyuma ya kiti chake. Hawa hubeba watu na mzigo mchafu kwa safari moja, kwenye barabara mbovu, siku nyingi za juma. Hayo mambo matatu yakikutana, dabo kebini inastahili bei yake. Likikosekana moja, karibu kila mara lipo gari jingine linalofanya kazi hiyo vizuri zaidi kwa gharama ndogo, na katika maelezo yako sijaona siku ambayo yote matatu yamekutana.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Usiiuze Probox. Mwombe mama afungue ukurasa mmoja katika daftari la duka, na kwa miezi mitatu, mwezi mmoja wake ukiwa wa mavuno, aandike kila mzigo: ni kitu gani, kilo ngapi, urefu gani, umbali gani, na ulilipa kiasi gani kukodi. Kama malipo ya kukodi kwa safari fupi za mjini yanakaribia rejesho la mwezi la Kirikuu iliyotumika, inunue hiyo. Kama ukurasa utaonyesha mizigo ya kilo 500 hadi 900 kwenda shambani kila wiki, mbolea na mbegu kwa mfano, tafuta Hilux singo kebini inayovuta kwa magurudumu manne, na uibakize Probox kwa ajili ya familia.

Ikitokea, baada ya yote hayo, ukaamua bado kuinunua dabo kebini uliyoonyeshwa, usiikague ukiwa umesimama. Lala chini na tochi, ufuate chesisi kuanzia nyuma ya kebini hadi kwenye mabano ya springi za nyuma, pande zote mbili. Pitisha kidole. Rangi nyeusi mpya kwenye kipande cha sentimita 20 wakati kwingine kumejaa vumbi la zamani, alama ya kulehemu, au bamba la chuma lililobandikwa, vyote vinaonyesha kwamba ilikwishapinda au kukatika. Tazama mpira wa kuzuia ekseli isigonge chesisi: ukiwa umepondeka au haupo, gari limefanya kazi ya Canter. Hesabu vyuma vya springi upande wa kulia na wa kushoto, na uulize kwa nini kimoja kinang'aa kuliko vingine. Kisha simama kando, gari likiwa mahali tambarare, uangalie mwanya kati ya kebini na bodi. Ukiwa mpana juu kuliko chini, liache gari hilo hapohapo, hata likipunguzwa bei.