Mwalimu wa rangi za maji: lipa, ila muulize kwanza

Dada, umeuliza kama umlipe mwalimu aje nyumbani akufundishe mandhari kwa rangi za maji, au video zinatosha. Mimi nasema lipa, angalau kwa mwanzo. Video haikuoni. Kinachowasumbua wengi si kuchora mnazi, ni kujua karatasi ina maji kiasi gani sasa hivi, na hapo unahitaji mtu pembeni wa kukuambia "ngoja kwanza" au "haya, weka". Inamisha karatasi kwenye mwanga: ikimeremeta kama kioo, rangi itakimbia ovyo. Mng'ao ukianza kufifia ndipo uweke mawingu, yatoke na kingo laini. Kwa joto la Dar muda huo ni mfupi mno, na feni izime kabisa.

Kabla ya kukubaliana bei, muulize kama mtatoka nje kuchora. Wa kunakilisha picha za simuni tu, mwache. Pia mwambie akuchoree tanga la jahazi mbele yako. Akikimbilia rangi nyeupe kabla ya yote, mh! Kwa kawaida weupe ule ni karatasi yenyewe iliyoachwa wazi, ndiyo maana tunaanza na rangi nyepesi kwenda nzito.

Pesa weka kwenye karatasi: ya pamba, gramu 300 kwa mita ya mraba. Nyembamba hujikunja ikilowa. Rangi, bluu, njano na nyekundu zinatosha kuanzia.