Karo Nailipa Mimi Kampala, Nafuu ya Kodi Ni ya Nani?

SWALI: Mwanangu anasoma shahada ya kwanza Marekani kwa viza ya F-1 tangu Agosti 2023, na karo naituma mimi kutoka Kampala. Chuo kimempa fomu 1098-T, na wenzake wanamwambia kwamba kwa fomu hiyo atarudishiwa dola 1,000 za kodi. Mjomba wake, ambaye ni raia wa huko, naye yuko tayari kumwandikisha kuwa tegemezi wake. Tufuate njia ipi?
Mama wa Ntinda

JIBU: Mama, kwa sasa njia zote mbili zimefungwa. Nafuu hiyo ya elimu ipo kweli: hufikia dola 2,500 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi, na asilimia 40 yake huweza kulipwa taslimu hata kwa asiyedaiwa kodi, ndiyo maana vijana wanaisimulia sana. Ila haitolewi kwa mtu ambaye kikodi si mkazi, na mwanafunzi wa F-1 kwa kawaida hahesabiwi mkazi katika miaka 5 ya kalenda ya mwanzo. Ile miezi michache ya 2023 imeshahesabiwa kuwa mwaka mzima, hivyo siku zake za kukaa Marekani zitaanza kuhesabiwa kuelekea ukazi wa kikodi 2028. Na kwa kuwa nafuu yenyewe ni ya miaka 4 ya kwanza ya chuo, wakati huo huenda ameshahitimu. Angeoa raia au mkazi wa kule, wakachagua kujaza ritani (taarifa ya kodi ya mwaka) pamoja, hesabu ingebadilika, lakini sidhani ni sababu ya kuharakisha harusi.

Fomu 1098-T ni taarifa ya karo ambayo chuo kimepokea, wala haimpi mtu haki yoyote.

Kwa mjomba, sheria inataka tegemezi awe raia wa Marekani, au mkazi wa Marekani, Kanada au Mexico. Kulala kwa mjomba hakumfanyi kijana mkazi.

Wala usitazamie fidia huku nyumbani, kwani kwa sheria ya Uganda karo ya mtoto ni matumizi ya binafsi ambayo hayapunguzi kodi yako.

Linalonitia wasiwasi ni kwamba pengine ameshajaza. Mwombe akutumie picha ya ritani yake: asiye mkazi hutumia 1040-NR, na fomu 8843, ya kueleza kwa nini siku zake hazihesabiwi, huambatana nayo. Ukiona juu kushoto pameandikwa 1040 bila herufi NR, na nafuu imedaiwa, airekebishe kwa 1040-X na kurudisha fedha mapema, kwa sababu anayebainika kupuuza kanuni kwa makusudi hufungiwa nafuu hiyo miaka 2, na aliyedanganya miaka 10.