Sifuri Kwenye Fomu: Kwa Vijana Wapya wa Majaribio ya Misaipresi

Juma lililopita kijana mmoja aliyejiunga nasi hivi karibuni alirudi kutoka kwenye ploti ya majaribio, ambako tunahesabu vidukari wanaofyonza misaipresi ili tupate miti inayowakinza, akiwa na fomu yenye sifuri kutoka juu hadi chini, akaiweka mezani na kusema, "Mzee, familia hii haina mdudu hata mmoja. Ukinzani tumeupata." Nilimuuliza aliipima lini, akanijibu kwamba aliipima saa saba mchana, siku mbili baada ya mvua kubwa. Nilianza kucheka, kisha nikanyamaza, kwa kuwa mimi pia niliwahi kuandika fomu kama ile na ikatugharimu miaka mitatu.

1. Mfahamuni mdudu kabla ya kumhesabu. Huyu kidukari alionekana Malawi mwaka 1986, na kufikia 1990 alikuwa amekwisha kuingia Kenya; miti aliyoiua barani Afrika hadi mwaka 1991 ilikadiriwa kuwa na thamani ya dola milioni 44. Vitabu vya zamani mtakavyovikuta kabatini vinamwita Cinara cupressi, lakini tangu 1999 huyu wa kwetu anaitwa Cinara cupressivora, kwa hiyo msibishane na kitabu kwa sababu ya jina. Hapa kwetu ni majike watupu, wanazaa bila dume, na wanazaa watoto walio hai. Mmoja mliyemruka leo ana uzao mkubwa kabla hamjapokea mshahara ujao.

2. Kuponea, kustahimili na kukinza ni mambo matatu tofauti. Mti ulioponea haukufikiwa na wadudu, au ulifikiwa mvua ikawaosha. Mti unaostahimili unawabeba wadudu bila matawi yake kukauka. Mti unaokinza huwafanya wasikae, au wakikaa wasizaliane. Nayajua haya kwa sababu niliyachanganya.

Katika mwaka wangu wa pili nilikabidhiwa jaribio la familia za msaipresi, yaani miti ya mama mmoja mmoja, lenye marudio manne, yaani familia zilezile zimepandwa sehemu nne, kwenye mteremko wenye baridi, na nilitaka kulimaliza kabla ya Krismasi. Mvua za vuli zilikuwa zimekwisha kunyesha vya kutosha. Nilihesabu wadudu kwenye ncha za nje, upande wa jua, mahali ambapo mkono unafika bila kuchubuka, ingawa nilikuwa nimefundishwa kwamba kidukari huyu hupenda vitawi vya ndani vyenye kivuli. Familia namba 17 ilipata sifuri karibu kila mti katika marudio matatu. Rudio la nne, lililokuwa bondeni ambako upepo haufiki, lilikuwa na wadudu wengi, nami kwa mkono wangu mwenyewe nikaandika pembeni, "Data haziaminiki." Nilifunga utepe wa bluu, alama ya mti uliochaguliwa, kwenye miti kumi na mmoja na kuandika taarifa ambayo hata mimi niliisoma mara mbili kwa jinsi ilivyonipendeza.

Vikonyo vya miti hiyo vilikatwa, vikaunganishwa kwenye miche (kubebesha), kitalu kikajaa viriba vyenye lebo za 17, na baadaye tukaipanda miche hiyo karibu na ua wa zamani wa misaipresi. Ulipofika msimu wa baridi kavu, nilienda asubuhi moja nikakuta rangi ya kutu imeanzia ndani ya miche na kutambaa kuelekea nje. Nilipanua matawi, vidole vikanata kwa utomvu mtamu wanaoutoa wadudu hao. Sisimizi walikuwa wamepanga foleni kwenye shina, na chini yake majani yalikuwa na ukungu mweusi kama masizi ya sufuria. Nilirudi ofisini nikafungua fomu za mwaka uliotangulia ule niliopima, fomu ambazo sikuwahi kuzigusa, nikakuta familia 17 ilikuwa imeungua vibaya. Kijani nilichokipamba kwa utepe kilikuwa machipukizi mapya ya miti iliyokuwa ikijiuguza. Rudio la nne nililolitukana ndilo pekee lililosema kweli. Mkuu wangu wa wakati huo hakunigombeza, alisoma taarifa yangu hadi mwisho, akauliza, "Ulipanua matawi?" Sikuwa na la kumjibu, na nilitamani sana angenigombeza.

3. Pimeni asubuhi, panueni matawi, someni fomu za miaka iliyopita, na rudieni ploti ileile katika msimu wa baridi kavu.

4. Hesabuni pia vidukari waliokufa. Mkiona kidukari amevimba, amekauka na ana tundu la mviringo mgongoni, hiyo ni kazi ya nyigu Pauesia juniperorum, aliyeletwa na kuachiliwa katika nchi zetu miaka ya 1990. Basi sifuri yenu huenda ni sifa ya nyigu, na mti hauna sifa yoyote ndani yake.

5. Msiutetee mti kwa sababu ni wa kwetu. Mwaka jana kijana mwingine aliandika kwamba mtarakwa hauwezi kushambuliwa kwa kuwa ni wa asili, na alikasirika kidogo nilipoikata sentensi hiyo kwa penseli, chombo ambacho mbao za mtarakwa zimekitengeneza kwa miaka mingi. Mtarakwa unashambuliwa. Mwerezi wa Mulanje kule Malawi unashambuliwa pia. Mdudu mwenyewe anadhaniwa kuwa alitoka pande za mashariki ya Mediterania, na miti yetu haikuwa na historia naye. Mwerezi wa Lebanoni nao msiuingize katika jedwali hili kwa sababu ya jina tu: ni wa ukoo wa misonobari na una vidukari wake wengine. Kumbukeni pia kwamba msaipresi wa kawaida tunaoupanda, Cupressus lusitanica, ulipendelewa badala ya Cupressus macrocarpa kwa kuwa ulihimili vizuri zaidi ugonjwa wa vidonda vya gome. Wazee wetu walichagua vizuri kabisa, dhidi ya adui waliyemjua.

6. Msikate tamaa na kazi hii. Tofauti kati ya familia zipo, na majaribio yaliyofanywa hapa Kenya katika miaka hiyohiyo ya 1990 yalionyesha kwamba zinarithiwa. Ndiyo maana nakasirishwa na sifuri za harakaharaka, kwa kuwa zinaficha ile familia moja inayostahili utepe.

Leo alfajiri yule kijana alirudi kwenye ploti bila kuambiwa. Saa nne alinitumia picha ya vidole vyake vinavyong'aa kwa utomvu, bila neno lolote. Fomu hajaileta bado.