Wengu na wingu: kutega mafumbo ya mwili yasiyovuja

Msomaji mmoja anayefundisha baiolojia ametuma fumbo lake: "Nasafisha damu, na angani natanda. Mimi ni nani?" Alitaka wengu, kwa kuchezea wingu. Darasa likajibu figo, likajibu ini, na hakuna aliyefika alikotaka. Anauliza kama wanafunzi wake ni wazito. Hapana, mwalimu. Fumbo lako ndilo linalovuja.

Linavuja kotekote. "Nasafisha damu" ni kazi ya viungo kadhaa: figo huchuja, ini huondoa sumu, wengu huvunja chembe nyekundu zilizozeeka. Na "angani natanda" inaeleza wingu lenyewe bila kumwambia anayetegua kwamba kuna sauti ya kubadilisha. Wengu na wingu ni vitate, yaani yanakaribiana kwa sauti bila kulingana. Kitate bila agizo la kubadilisha sauti si fumbo, ni mtego wa kuonea watu. Kitawe, neno moja lenye maana zaidi ya moja, hakihitaji agizo.

Hili hapa limetengenezwa: "Nimejificha kushoto chini ya mbavu, jirani na mfuko wa tumbo. Chembe nyekundu zikitimiza siku kama 120, nazivunja. Badili irabu yangu ya kwanza, nitakunyeshea." Ini pia huvunja chembe hizo, lakini liko zaidi upande wa kulia, kwa hiyo neno "kushoto" ndilo linalofunga mlango. Kila fumbo linataka neno moja la namna hiyo. Lijaribu hivi: funika sehemu ya mchezo wa sauti, soma sehemu ya mwili peke yake. Ikiwa viungo viwili vinaingia, bado halijaiva.

Anayeanza aanze na vitawe, maana Kiswahili kimetupa vingi vya bure. Pua ni ya usoni na pia ni ya chuma cha pua: "Mhunzi ananijua kwa ugumu, mwilini napasha hewa joto, nailowesha na kuichuja kabla haijafika kwenye mapafu." Tezi iko mwilini na iko nyuma ya chombo cha baharini, ile ya tezi na omo. Hapo angalia: ukiandika "natoa homoni" umezitupa nje tezi za mate na za jasho, ambazo hazitoi homoni bali humwaga majimaji yake kupitia mirija. Nyonga ni kiungo na ni kitendo cha kutisha. Kwa watoto wadogo iache.

Ninachokipenda kuliko vyote ni msuli, kwa sababu kitenzi kimoja kinahudumia maana zote mbili: "Mwanamume hunifunga kiunoni, mwilini nimefungwa mfupani kwa kano, na nikijikunja kiungo husogea." Hapo hakuna neno la ziada. Kosa linaloharibu fumbo hili ni kusema kano huunganisha mfupa na mfupa. Hiyo ni kazi ya ligamenti. Na ukiacha "mfupani" ukabaki na kujikunja tu, ukuta wa utumbo na moyo vitaingia, navyo ni misuli ya aina nyingine.

Ngeli nazo husaliti. Andika "kimejaa" na kila mtu ataanza kutafuta jina la KI-VI; andika "limevimba" na umeshataja nusu ya jibu. Ndiyo maana mafumbo haya nayaandika kwa nafsi ya kwanza: ni- haina ngeli. Kwa kucha tumia tu-, kwa kuwa ni wingi wa ukucha: "Anayekesha hututaja baada ya usiku, mikononi tunarefuka kama milimita 3 kwa mwezi, miguuni polepole zaidi."

Ukishayamudu hayo, rudi kwenye vitate. Kibofu na kipofu: "Nahifadhi maji ambayo figo zimeyaacha, nikitanuka nabeba kama mililita 400 hadi 600. Geuza b yangu iwe p, nitashika fimbo nyeupe." Usiandike "natengeneza mkojo". Figo huchuja takriban lita 180 kwa siku na kurudisha karibu zote kwenye damu. Kibofu kinapokea lita moja au mbili zilizobaki na kuzingoja. Kaakaa na kaka: "Sehemu yangu ya mbele ni ngumu, ya nyuma ni laini na huinuka unapomeza ili chakula kisipande puani. Fupisha irabu zangu ndefu zote mbili, nitakuwa ndugu yako." Hili lisomwe kwa sauti, polepole, la sivyo urefu wa irabu hausikiki.

Ubongo ukitolewa b unabaki uongo. Linachekesha, lakini ni fumbo la jicho zaidi ya sikio, liweke kwenye karatasi.

Jambo jingine ni majina mawili ya kitu kimoja. Wengu huitwa pia bandama. Kilimi huitwa kimio. Anayejua bandama tu atajua kiungo chenyewe na bado ashindwe, na hilo ni kosa la mtegaji. Taja idadi ya herufi, au kubali jibu la mwili kwa nusu ya alama. Na tafadhali, acheni kurundika madokezo matano kwenye fumbo moja mkidhani mnasaidia. Mawili ya mwili na moja la sauti yanatosha, na lote lisomeke kwa pumzi mbili.

La kujaribu: "Mfugaji ananitegemea kwa mayai, wazee wananitaja wakihesabu jamaa zao, na mwilini hewa na chakula hupita kwangu kabla hazijaachana njia." Atakayejibu umio arudie kusoma dokezo la mwisho, kwenye umio hewa ya kupumua haipiti.