Pasi ya ampea 5: ukinzani na wati

Mdogo wangu, umeuliza pasi yenu hapo Michenzani, inayovuta ampea 5 kwenye volti 230, ina ukinzani gani na inakula wati ngapi. Ukinzani ni volti kugawa kwa ampea: 230 ÷ 5 = omu 46. Wati ni kuzidisha tu: 230 × 5 = 1,150. Ikiwaka saa nzima bila kukata, kwenye Tukuza (mita ya umeme wa kulipia kabla) zinaondoka yuniti 1.15, maana yuniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja.

Sasa hapa ndipo wengi skuli wanapoteleza. Umeme ukishuka jioni hadi volti 200, wao wanaziacha ampea 5 zile zile. Sivyo kabisa! Kinachobaki ni ukinzani wa waya unaotoa joto mule ndani, zile omu 46 (joto huubadilisha kidogo mno). Kwa hivyo ampea ni 200 ÷ 46, kama 4.35, na wati zinaanguka hadi 870 hivi. Volti zimepungua asilimia 13, lakini joto limepungua asilimia 24. Ndiyo maana kanzu inabaki na mikunjo hata ukiipitisha pasi mara tatu.

Friji na pampu ya maji usizipigie hesabu hii, mota zina kanuni yake.